Mafuvu mawili ya njiapanda ya Oldupai: yaliwekwa na nani, na kwa nini yako barabarani

Ukitoka Karatu, ukapita geti la Lodoare, ukazunguka ukingo wa kreta na kuanza kuteremka kuelekea tambarare za Serengeti, unafika mahali barabara inapogawanyika. Moja inaendelea Serengeti, nyingine inaingia Bonde la Oldupai. Hapo njiapanda, juu ya msingi mkubwa, yamekaa mafuvu mawili. Magari ya watalii husimama, wageni hushuka na kupiga picha, kisha vumbi linatimka na safari inaendelea. Mfugaji anayepita na ng'ombe wake naye huyatazama, kisha anaendelea na shughuli zake.

Wengi wetu tumeyazoea kama tulivyozoea alama za barabarani. Lakini kitu kizito namna hiyo hakiji njiani chenyewe. Kuna aliyekuwa na wazo, kuna aliyetoa fedha, kuna fundi aliyekiunda, na kuna aliyechagua kwamba kiwe fuvu badala ya kitu kingine. Katika makala hii tunaeleza hayo, kisha tunatoka kidogo nje ya wilaya zetu, hadi kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi huko Ulaya, kwa sababu huko wamekuwa wakilijibu swali hili kwa miaka mingi: mahali ambapo kila mtu lazima apite, tuweke picha ya nani?

Mafuvu haya ni ya nani?

Fuvu moja ni la Zinj. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alikuwa akitembea peke yake Oldupai, mumewe Louis akiwa kambini anaumwa, akaona mfupa umechomoza ardhini. Ulipofukuliwa na vipande kuunganishwa, likapatikana fuvu la kiumbe mwenye uso mpana na magego makubwa ajabu. Walikiita Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina la zamani la Kiarabu la pwani yetu ya Afrika Mashariki, na boisei ni heshima kwa Charles Boise, aliyekuwa akifadhili utafiti wao. Siku hizi wataalamu humwita Paranthropus boisei. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Fuvu lenyewe halisi liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Fuvu la pili ni la Homo habilis, jina lililotangazwa mwaka 1964 na Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier. Habilis maana yake ni stadi, mtu wa mikono myepesi, kwa kuwa walimhusisha na zana za mawe zilizokuwa zimeokotwa bondeni hapo.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Zinj ana kama tuta la mfupa linalopita utosini. Ni hapo misuli ya taya ilipojishikiza, maana alikuwa mtafunaji wa vyakula vigumu. Habilis kichwa chake ni cha mviringo zaidi, na ubongo wake ulikuwa mkubwa kuliko wa Zinj. Viumbe hawa wawili waliishi kipindi kimoja katika eneo moja. Zinj si babu yetu. Ukoo wake uliishia njiani. Habilis ndiye ambaye wataalamu wengi humweka karibu na mstari wetu, ingawa mjadala haujafungwa.

Jina la bonde nalo lina kisa chake. Wamaasai wanaliita Oldupai, kwa jina la katani pori inayoota pale. Mwaka 1911 alipita Mjerumani mmoja, Wilhelm Kattwinkel, akalisikia vibaya, na vitabu vya dunia nzima vikaandika Olduvai. Sisi redioni tunasema Oldupai.

Nani aliagiza?

Mnara huo ulisimamishwa Julai 2019, miaka 60 baada ya Zinj kupatikana. Wazo lilikuwa la Joshua Mwankunda wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro (NCAA). Alitaka kuwe na alama itakayomvuta msafiri anayekimbilia Serengeti, ajue kwamba kilomita chache kutoka hapo kuna makumbusho na kuna bonde linalosomwa katika shule za dunia nzima. Tatizo lilikuwa la kweli. Magari mengi yalikuwa yakipita njiapanda ile bila hata kupunguza mwendo.

Usanifu ulifanywa na watafiti watatu wa mambo ya kale: Nicholas Toth na Kathy Schick wa taasisi ya Stone Age Institute iliyoko jimbo la Indiana, Marekani, pamoja na Mtanzania Jackson Njau, anayefundisha chuo kikuu huko huko Indiana. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa nje. Lakini mikono iliyoyaunda mafuvu ni ya hapa hapa kwetu: msanii Festo Kivuyo, aliyefanyia kazi Arusha. Kila fuvu lina urefu wa futi 6, yaani linamzidi kimo mtu wa kawaida, na uzito wa pauni 5,000. Hizo ni zaidi ya tani 2. Ukitaka kupata picha, hebu fikiria gunia la mahindi la kilo 100: fuvu moja ni sawa na magunia 22 na ushee. Na yote mawili ilibidi yafikishwe njiapanda ile, mbali na karakana.

Kwa hiyo mpango wenyewe ulikwenda hivi: mamlaka ya eneo ikawa na hitaji, wataalamu wakachora, mfadhili akatoa fedha, msanii akaunda. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya sanaa ya umma karibu popote duniani. Msanii wa sanaa ya umma haamki asubuhi akachonga anachotaka. Anapewa oda, anaelezwa mahali, kipimo, ujumbe na bajeti. Ndiyo maana ukiona sanamu barabarani, swali la kwanza la kuuliza ni nani aliagiza, kabla hata ya kuuliza ni nani aliyechonga.

Dar es Salaam wana mfano mzuri wa jambo hili. Ile Sanamu ya Askari iliyoko katikati ya jiji iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Wajerumani walipoondoka, Wissmann naye akaondolewa. Mahali ni pale pale, wapita njia ni wale wale. Kilichobadilika ni mwenye oda.

Treni zinazopita chini ya miji

Sasa tutoke kidogo. Miji mikubwa ya dunia ina reli zinazopita chini ya ardhi, ndani ya mahandaki, ili barabara za juu zisizibe. Wazee wa Kiiraqw hapa Karatu hawatashangaa sana, maana enzi za uvamizi wa mifugo walichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima, paa likawa sawa na nyasi, adui akapita juu asijue kama chini kuna watu na ng'ombe. London ndiyo ilitangulia kwa treni za namna hii, mwaka 1863. Afrika ilianza na Cairo, mwaka 1987. Afrika Mashariki bado hatuna.

Kituo cha chini ya ardhi kina shida moja: ni shimo. Hakuna dirisha wala anga, na mtu anakaa humo akisubiri treni. Ndipo miji ikaanza kuita wasanii.

Moscow, ambako treni hizo zilianza mwaka 1935, waliagiza kwa ajili ya siasa. Kituo kimoja kilichofunguliwa mwaka 1938, kiitwacho Ploshchad Revolyutsii, kina sanamu 76 za shaba za askari, wafanyakazi na wakulima, akiwamo mama mfugaji na kuku wake. Serikali ilitaka abiria ajione shujaa wa taifa jipya. Abiria wakaamua vingine. Kuna askari pale ana mbwa, na watu wanaopita humshika mbwa huyo puani kujitakia bahati, hata pua imebaki inang'aa kama imepigwa brashi. Hilo hakuna aliyeliagiza.

Mji ambao sisi umetuvutia zaidi ni Stockholm, Sweden. Huko vituo zaidi ya 90 kati ya 100 vina kazi za sanaa, na walianza miaka ya 1950. Katika kituo kikuu, kwenye sehemu iliyofunguliwa mwaka 1975, msanii Per Olof Ultvedt alipewa pango zima lililochongwa kwenye mwamba. Akachora majani makubwa ya buluu juu ya dari nyeupe ili abiria wenye haraka watulie moyo. Lakini upande mmoja akachora vivuli vya watu wakiwa kazini, wengine wamepanda ngazi, wengine wameshika vifaa. Hao ni mafundi waliokijenga kituo. Mamia ya maelfu ya watu wamepita chini ya picha hizo, na kila anayeuliza hujibiwa kwamba hao ndio waliochimba hapa.

Kituo kingine cha mji huo, Solna Centrum, kinatuhusu sisi watu wa vijijini moja kwa moja. Kuta zake zina anga jekundu na msitu wa kijani unaokaribia urefu wa kilomita 1. Wasanii Karl-Olov Björk na Anders Åberg walichora humo mambo yaliyokuwa yakibishaniwa Sweden miaka ya 1970: misitu inayokatwa, mazingira yanayoharibiwa, na vijiji vinavyobaki vitupu kwa kuwa watu wamehama. Yaani mtu wa mjini anasubiri treni ya kwenda kazini huku akitazama kijiji kilichohamwa. Na kazi hiyo ililipiwa kwa fedha za umma.

Fedha zinatoka wapi? Sweden, tangu mwaka 1937, serikali iliweka utaratibu kwamba katika ujenzi wa majengo ya umma, karibu asilimia 1 ya gharama itengwe kwa sanaa. Miji na nchi nyingine zimeiga kwa namna zao. Tufanye hesabu ya kwetu. Jengo la shilingi bilioni 2, asilimia 1 yake ni shilingi milioni 20. Kwa mradi haionekani, lakini kwa msanii wa Arusha au kikundi cha akina mama wa shanga ni kazi ya mwaka mzima.

Na London, katika kituo cha Brixton, kila baada ya muda hupewa msanii mmoja ukuta ulio juu ya mlango. Mwaka 2023 ulikuwa zamu ya Jem Perucchini, kijana aliyezaliwa Ethiopia na kukulia Italia. Alimchora mwanamke mwenye asili ya Afrika aliyeishi Uingereza enzi za Warumi na kuzikwa huko na bangili za pembe za ndovu. Wakazi wengi wa Brixton asili yao ni Afrika na visiwa vya Karibi. Ujumbe wake waliupata bila kuhitaji maelezo marefu.

Kwetu Tanzania, kilicho karibu na hayo ni reli ya SGR. Kituo chake kikuu cha Dar es Salaam kimejengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite, jiwe linalochimbwa Mirerani, kwa majirani zetu wa Simanjiro. Tofauti ni kwamba pale mapambo ni jengo lenyewe.

Nani hayupo kwenye mnara?

Turudi njiapanda. Sisi tunayapenda mafuvu yale. Yamefanya kazi yaliyotumwa, na yametengenezwa na fundi wa nyumbani. Hata hivyo, ukiyatazama kwa jicho la yule mchoraji wa Stockholm, unauliza: vivuli vya mafundi viko wapi?

Bonde la Oldupai halikuchimbwa na familia ya Leakey peke yake. Mwezi mmoja hivi kabla ya Zinj kupatikana, Heslon Mukiri, aliyefanya kazi na Louis kwa miaka mingi, alikuwa ameokota jino la mtu wa kale mahali pengine bondeni humo. Mwaka 1968 Peter Nzube aliona fuvu la habilis likiwa limebanwa na mwamba hadi likawa bapa kama chapati. Wazungu kambini wakalipa jina la utani Twiggy, kwa jina la mrembo mwembamba wa Uingereza wa enzi hizo. Mwokotaji wake hutajwa zaidi katika maandishi ya wataalamu. Ng'ombe nao wamo kwenye historia hii: mwaka 1963 fuvu jingine lililokuwa limeanza kujitokeza lilikanyagwa na mifugo usiku mmoja, likavunjikavunjika, watafiti wakatumia muda mrefu kuokota vipande.

Halafu kuna jambo la mwaka wenyewe. Mwaka 1959 ni mwaka wa Zinj, lakini kwa wazee wa Endulen, Nainokanoka na Kakesio mwaka huo una kumbukumbu nyingine. Ndio mwaka Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti na kuwa eneo la hifadhi linaloruhusu watu na mifugo kuishi humo, na Wamaasai waliokuwa Serengeti wakaletwa upande huu. Ndio mwaka pia ambao Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akihesabu wanyama kwa ndege pamoja na baba yake Bernhard, alianguka na ndege na kufa, tarehe 10 Januari. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta, chini ya mnara wa mawe, na baba yake naye akazikwa hapo mwaka 1987.

Kwa hiyo msafiri wa barabara hii anakutana na mnara wa Wajerumani wawili waliowapenda wanyama, kisha anakutana na mafuvu ya viumbe wa miaka karibu milioni 2. Yote mawili yanastahili kuwapo. Ila kati ya hao wa kale na hao wa ndege kuna watu: Wahadzabe wa Eyasi, Wadatoga, Wairaqw, Wamaasai. Barabara ile ile, Agosti 2024, maelfu ya wafugaji walikusanyika kupinga hatua zilizogusa makazi yao na vijiji vyao, baada ya miaka miwili ya familia nyingine kuhamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Hatuingii hapa kwenye nani ana haki katika suala hilo, tunalo katika vipindi vingine. Tunasema tu kwamba mnara unaoeleza asili ya binadamu umesimama mahali ambapo binadamu wa leo wanaulizana kama watabaki, na wageni wengi wanaopiga picha hawalijui hilo.

Mfano mzuri tunao tayari, na haukutoka Sweden. Nyayo za Laetoli, zilizoachwa na watu wa kale kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita, zilifukuliwa mwaka 1978. Miaka ya 1990 mizizi ya miti ilianza kuzitishia, na Idara ya Mambo ya Kale ikishirikiana na taasisi ya Getty ya Marekani ikafanya kazi ya kuziokoa na kuzifukia upya. Kabla ya kazi kumalizika, wazee wa Kimaasai wa eneo lile na laiboni wao waliitwa, kondoo akachinjwa, mahali pakaombewa na watu wakaelezwa kwa nini pasiguswe. Nyayo zimefunikwa mpaka leo. Hakuna cha kuona pale zaidi ya mawe, lakini wenyeji wanajua chini kuna nini, kwa sababu waliulizwa na walishiriki.

Kijiji kinaingilia wapi?

Stendi zinajengwa, barabara zinapanuliwa, hoteli na mageti yanaongezeka, hasa tangu eneo la Ngorongoro, Karatu na Monduli litambuliwe na UNESCO mwaka 2018 kama Jiopaki ya Ngorongoro Lengai. Pakijengwa, mtu ataweka sanamu, ukuta wa picha au kibao. Nafasi ya kusema ni kabla ya oda kutoka, maana msanii akishalipwa na zege likishakauka, maoni yako yatabaki kuwa maneno ya kijiweni.

Mradi mkubwa unapofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi wasikilizwe, na mila na maeneo yenu ya heshima ni sehemu ya mazingira hayo. Maafisa wakija kijijini na karatasi ya mahudhurio, usisaini tu na kwenda zako. Uliza kama kuna sanamu au alama itakayowekwa, itamwonyesha nani, maelezo yake yataandikwa kwa lugha gani, na kama fundi wa wilaya anaweza kuomba kazi hiyo. Uliza pia nani ataitunza miaka kumi baadaye, maana rangi hupauka na jua la tambarare halina huruma.

Kwa mambo madogo, kama ukuta wa shule au lango la mnada, huhitaji kusubiri mradi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Jambo lako liandike kwa kifupi, likabidhi kwa mtendaji wa kijiji kabla ya siku ya mkutano, na omba lisomwe kwenye ajenda.